Changamoto peke yake haimkuzi mtu

Katika usaili wa kazi kuna swali ambalo karibu kila mtu hulitarajia: tueleze changamoto uliyokutana nayo bila kuitegemea, na jinsi ulivyoikabili. Jibu lake limekwisha kuwa na mtindo wake maalumu. Mambo yanakwenda vizuri, halafu linazuka jambo. Mwenzako anaugua asubuhi ya shughuli, mfumo wa kompyuta unagoma, mfadhili anajitoa, au wanaokuja kuhudumiwa ni mara tatu ya waliotarajiwa. Msimuliaji anahangaika kidogo, anapata wazo, mambo yanatengemaa, na mwisho anasema alitoka pale akiwa mtu mwingine. Wasaili wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Kwa wanaojitolea hadithi ni ileile, ila mahali pa mteja pana mhitaji na mahali pa bosi pana mratibu.

Sidai kwamba hadithi hizi ni za uongo. Nyingi ni za kweli, na waliozipitia walitoka jasho. Ninachokitilia shaka ni ile sentensi ya mwisho, kwamba yaliyotokea yalimkuza msimuliaji. Anajuaje? Mwaka 2009 mwanasaikolojia Patricia Frazier wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na wenzake, alichapisha utafiti uliolishika swali hilo kwa njia ambayo wengi kabla yao hawakuitumia. Waliwapima wanafunzi wa vyuo vikuu kabla ya jambo lolote kuwapata, wakawapima tena baadaye, kisha wakawatazama wale ambao katikati ya vipimo viwili walikumbwa na tukio zito. Wanafunzi hao waliulizwa pia wao wenyewe wanaona wamekua kiasi gani. Kwa sehemu kubwa, ukuaji waliouhisi haukulingana na mabadiliko yaliyoonekana kwenye vipimo. Isitoshe, waliojiona wamekua sana walielekea kuwa na dhiki iliyozidi, ilhali waliobadilika kweli walielekea kuwa na dhiki iliyopungua.

Kwa maoni yangu, hisia ya kwamba “nimekua” mara nyingi ni njia ya kujifariji. Aliyeumia anataka maumivu yake yawe na faida, na ni nani wa kumnyima faraja hiyo? Tatizo linaanza pale watu wengine, yaani meneja, mratibu au mtoa hotuba, wanapoichukua faraja ya mtu binafsi na kuigeuza kuwa utaratibu wa kazi: msimwandae sana, akikumbana na magumu atakomaa mwenyewe.

Hata wanasaikolojia waliolipa jambo hili jina lake la kitaalamu hawakusema hivyo. Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, ambao katika miaka ya 1990 waliandika kwa kina kuhusu ukuaji unaofuata kiwewe na mwaka 1996 wakatoa kipimo chake, walisisitiza tangu mwanzo kwamba tukio lenyewe halimkuzi mtu. Kama kuna ukuaji, unatokana na kazi anayoifanya mtu baada ya tukio, pale anapolazimika kupanga upya namna anavyoielewa dunia na nafasi yake ndani yake. Sehemu hiyo ya hoja yao ndiyo inayosahaulika haraka kuliko zote, labda kwa sababu haina mbwembwe.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Methali hii hunukuliwa kana kwamba kupotea kunatosha. Lakini anayeijua njia kwa kupotea ni yule aliyetambua kwamba amepotea, akatafuta alama, akarudi nyuma hadi pale alipokosea, na safari ya pili akaona tofauti. Aliyepotea akachukuliwa na mtu na kufikishwa nyumbani amepata hofu na uchovu tu. Na wahenga hao hao walikuwa na methali nyingine ambayo wapenda hotuba huikwepa: aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Huyo naye amejifunza. Amejifunza kuogopa ukindu. Mhasibu aliyefokewa mbele ya wenzake kwa sababu ya hesabu moja hujifunza kutotoa wazo kikaoni tena. Kijana aliyejitolea kusaidia familia zilizofiwa, akaachwa peke yake na mama anayelia bila kuelekezwa la kusema, hujifunza kutorudi. Uzoefu haukosi kufundisha. Swali ni unafundisha nini.

Kuna utafiti mwingine unaopendwa na watetezi wa magumu. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Mark Seery na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya elfu mbili nchini Marekani. Waligundua kwamba waliopitia misukosuko kadhaa maishani walikuwa na hali njema ya akili kuliko waliopitia mingi mno, na pia kuliko wale ambao hawakupitia wowote. Wengi huishia hapo na kushangilia. Lakini tazama umbo la matokeo hayo: faida iko katikati, na ikishapita hapo inakuwa hasara. Hakuna aliyemwekea yeyote misukosuko hiyo kwa makusudi, na hakuna meneja mwenye kipimo cha kujua mfanyakazi aliye mbele yake tayari amebeba mingapi kutoka nyumbani. Matokeo haya hayampi mtu ruhusa ya kumwongezea mwenzake mzigo.

Basi ni nini kinachotofautisha magumu yanayojenga na yanayobomoa? Jibu ninaloliona lina nguvu kuliko mengine halikutoka kwenye hotuba za kutia moyo. Lilitoka kwenye utafiti wa kazi za kawaida. Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek, akitumia takwimu za wafanyakazi wa Uswidi na Marekani, alitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kazi inakudai kiasi gani, na wewe unaruhusiwa kuamua kiasi gani. Kazi inayodai sana huku mfanyakazi hana uamuzi humchosha na kumtia sonona. Kazi inayodai sana na mfanyakazi ana nafasi ya kuamua ndiyo aliyoiita kazi hai, na hapo ndipo alipoona uwezekano wa mtu kujifunza tabia mpya. Uzito wa mzigo unaweza kuwa sawa kabisa katika kazi zote mbili.

Wachukue makarani wawili wa huduma kwa wateja siku ambayo mfumo umezimika na foleni imefika mlangoni. Wa kwanza ameambiwa mapema kwamba likitokea la kutokea anaweza kuandika maombi kwa mkono, kuwapa wateja muda wa kurudi, hata kusamehe faini ndogo. Wa pili haruhusiwi lolote mpaka msimamizi apokee simu, na msimamizi yuko kikaoni. Jioni wote wawili wamechoka sawasawa. Wa kwanza amefanya maamuzi kadhaa, ameona yapi yalipunguza kelele na yapi yaliziongeza, na kesho ana jambo la kubadilisha. Wa pili ametukanwa kwa saa nane kwa kosa lisilo lake, na hana la kurekebisha maana hakuwa na uwezo wa kufanya chochote. Ukiwauliza wote wawili kwenye usaili miaka miwili baadaye, watakusimulia kisa kilekile kwa maneno yaleyale.

Hapo ndipo kujitolea kunapopata nafasi ambayo ajira nyingi hazina. Mtu wa kujitolea mara nyingi hukabidhiwa mamlaka kwa bahati tu, kwa kuwa hakuna mwingine. Karani ambaye kazini hawezi kuagiza hata karatasi bila saini tatu, Jumamosi anajikuta akiamua ni familia gani itangulie kupata blanketi, nani apelekwe zahanati kwanza, na gari lipite upande gani wa mto uliofurika. Hakuna cheo kilichompa haki hiyo. Hali ndiyo iliyompa. Wengi wanaosema kujitolea kuliwabadilisha, nikiwasikiliza vizuri, wanachokieleza ni kwamba kwa mara ya kwanza waliamua jambo lililokuwa na uzito, nalo likawa kweli.

Mfano mkubwa wa namna hiyo ni wa Henri Dunant, na nitakaa nao kidogo kwa sababu husimuliwa nusu. Juni 1859 Dunant, mfanyabiashara kijana kutoka Geneva, alisafiri hadi kaskazini mwa Italia kwa shughuli zake mwenyewe. Alikuwa na mradi nchini Algeria uliokwama kwa ajili ya haki za ardhi na maji, na alitaka kumwona mfalme wa Ufaransa, Napoleon III, aliyekuwa huko vitani. Tarehe 24 majeshi yalipigana Solferino. Dunant alifika katika mji wa jirani wa Castiglione na kukuta maelfu ya majeruhi wamelazwa makanisani na barabarani, huku waganga wakihesabika kwa vidole. Hakuwa daktari wala askari. Akaanza kuwapanga wenyeji, wengi wao wanawake, walete maji, waoshe majeraha, wagawe bandeji, na wawahudumie wote bila kujali walipigania upande gani.

Simulizi nyingi huishia hapo, kisha huruka hadi kwenye Msalaba Mwekundu kana kwamba siku hizo chache zilimfanya mtu mpya. Sehemu yenye mafunzo ni ile inayofuata. Dunant alirudi nyumbani, na baadaye akakaa chini kuandika alichokiona. Kitabu chake kidogo, alichokichapisha kwa fedha zake mwenyewe, kilitoka mwaka 1862, miaka mitatu baada ya vita. Ndani yake hakujisifu kwa wema wake. Alieleza jinsi watu wenye moyo safi walivyohangaika bila mpango, jinsi baadhi walivyochoka baada ya siku chache na kuondoka, na jinsi majeruhi walivyokufa ilhali wangeweza kuokolewa kama kungekuwa na watu waliojiandaa. Kisha akauliza: kwa nini kusiundwe, wakati wa amani, vyama vya watu wa kujitolea waliofunzwa na kuwa tayari? Kamati ya watu watano ikaundwa Geneva mwaka 1863, na Mkataba wa kwanza wa Geneva ukasainiwa mwaka 1864.

Somo alilolitoa Solferino, kwa hiyo, linapingana na hotuba zetu. Aliyewahi kukutana na lisilotarajiwa kwa ukubwa ule alitoka akidai maandalizi. Hakuwaambia wengine waende wakajionee wakomae.

Halafu kuna sehemu ya tatu ambayo husimuliwa kwa nadra zaidi. Biashara ya Dunant ilianguka, na mwaka 1867 alifilisika. Kamati aliyosaidia kuianzisha ikaachana naye, jamii ya Geneva ikampa kisogo, naye akaishi miaka mingi katika umaskini kabla ya kukumbukwa tena na kupewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya kwanza, mwaka 1901, pamoja na Mfaransa Frédéric Passy. Ujasiri na uwezo wa kupanga watu aliouonyesha Castiglione haukumsaidia katika vitabu vya hesabu. Tunapenda kuamini kwamba anayeshinda jaribu moja anakuwa imara kwa yote, lakini aliyejifunza kutuliza umati hajajifunza kusoma mizania. Ukuaji unaopatikana uwanjani huja kwa vipande, na kila kipande kina mahali pake.

Lipo kosa lingine la kufikiri ambalo limeenea zaidi, nalo ni kuchanganya kukua na kuonekana. Januari 15, 2009, ndege ya US Airways iliyokuwa imeruka muda si mrefu kutoka New York iligongana na kundi la ndege wakubwa, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani Chesley Sullenberger aliiteremsha kwenye mto Hudson, na watu wote 155 waliokuwamo wakatoka wakiwa hai. Kati ya mgongano na kutua majini zilipita kama dakika tatu na nusu. Mafunzo ya marubani wakati huo hayakuwa na zoezi la injini zote mbili kuzimika katika kimo kidogo kama kile, na orodha ya hatua ambayo rubani msaidizi, Jeffrey Skiles, alianza kuisoma ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya ndege iliyo juu sana, yenye muda wa kutosha. Hawakufika hata mwisho wake. Sullenberger aliiwasha mapema mashine ndogo ya umeme ya akiba bila kusubiri orodha ifike huko, na uamuzi huo ulisaidia mifumo ya ndege kuendelea kufanya kazi.

Kisa hiki hutajwa kama mfano wa mtu aliyekuzwa na dharura. Lakini dakika tatu na nusu hazimfundishi mtu kurusha ndege. Rubani huyu alikuwa na takribani saa 20,000 angani na alikuwa amewahi kushiriki katika uchunguzi wa ajali. Dharura ilimwonyesha jinsi alivyo; kukua kulikuwa kumefanyika zamani, katika safari ambazo hakuna aliyezipiga picha. Vivyo hivyo kazini: binti anayesimama badala ya mkurugenzi aliyekwama njiani na kuwasilisha ripoti kwa ufasaha, mara nyingi ni yule aliyekuwa akizisoma ripoti za idara nyingine bila kuagizwa. Siku ile ilimpa jukwaa. Msimamizi anayedhani kwamba siku ile ndiyo iliyomjenga atamsukuma mwingine jukwaani bila msingi huo, kisha atashangaa.

Namna usafiri wa anga ulivyojifunza inaonyesha pia kazi ya kuangalia nyuma. Desemba 1978 ndege ya abiria ilianguka karibu na Portland, Marekani, kwa kuishiwa mafuta. Nahodha alikuwa ameshughulika na hitilafu ya magurudumu, na wenzake waliogusia suala la mafuta hawakulisema kwa nguvu ya kutosha. Watu kumi walikufa. Wachunguzi hawakuridhika kusema kwamba rubani alizembea. Waliuliza kwa nini taarifa iliyokuwamo ndani ya chumba cha marubani haikufika kwa mwenye uamuzi. Kutokana na ajali za aina hiyo, na mkutano ulioitishwa mwaka 1979 na NASA, shirika la anga la Marekani, yalizaliwa mafunzo ya kuwafundisha marubani kusikilizana, ambayo leo ni ya lazima kwa mashirika ya ndege. Marubani ambao hawakuwahi kukaribia Portland walijifunza kutokana na yaliyotokea pale, kwa sababu kuna mtu aliyeyaandika vizuri.

Jeshi la Marekani nalo, kuanzia miaka ya 1970, lilikuza desturi ya kukaa mara baada ya zoezi na kuulizana maswali machache: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini pakawa na tofauti, na mara nyingine tufanye nini. Ni maswali mepesi hata kwa mtoto wa shule. Ugumu uko kwenye kuyajibu mbele ya mkubwa wako.

Mtafiti Amy Edmondson aliona ugumu huo hospitalini katika miaka ya 1990. Alikuwa akichunguza makosa ya dawa, akitarajia kwamba timu zenye uongozi na ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zilikuja kinyume: timu nzuri ziliandikisha makosa mengi zaidi. Maelezo yaliyompa maana ni kwamba katika timu hizo watu waliyasema makosa, na kwingineko waliyaficha. Ukiitazama idadi peke yake ungefunga wodi bora na kuisifu ile yenye woga.

Sasa linganisha hali ilivyo upande wa ajira na upande wa kujitolea, maana kila upande una ugonjwa wake. Kazini kikao cha baada ya tukio mara nyingi kipo, lakini kimegeuka kuwa msako wa mhusika. Barua pepe zinachimbuliwa kuthibitisha nani aliambiwa nini na lini. Kila mtu anaingia na utetezi, anatoka na utetezi, na kilichotokea hasa kinabaki bila kujulikana. Katika kujitolea hakuna msako, lakini hakuna kikao pia. Shughuli ikiisha kuna shukrani, vyeti, picha ya pamoja, na basi linaondoka. Mratibu ameona kabisa kwamba kijana fulani aliwapanga wazee juani kwa saa mbili ilhali kivuli kilikuwa hatua chache pembeni. Hatamwambia. Amejitolea, utamlaumu vipi?

Ukarimu huo naona ni dharau iliyovaa heshima. Unamwambia aliyejitolea kwamba alichokifanya si kazi ya kweli, kwa hiyo hakipimwi. Kijana anaondoka akiamini aliwasaidia wazee wale, mwaka ujao anarudi na kuwapanga juani tena, safari hii kwa kujiamini zaidi. Katika mambo yote yanayomnyima mtu ukuaji kwenye shughuli za kujitolea, sijaona linalozidi kusifiwa ovyo.

Kuna wakati hata mamlaka na mrejesho havitoshi, kwa sababu mtu amekwisha. Inafaa kukumbuka kwamba hali ya kuchoka kupindukia kwa ajili ya kazi iliingia katika maandishi ya saikolojia mwaka 1974 kupitia mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, na hakuigundua katika ofisi za wafanyabiashara wakubwa. Aliiona New York, katika kliniki ya huduma za bure iliyotegemea sana watu wa kujitolea, na akajiona mwenyewe ndani yake. Walioathirika zaidi walikuwa wale wenye ari, waliokuja mapema na kuondoka mwisho. Shirika la Afya Duniani lilipoifafanua hali hiyo katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa mwaka 2019, liliieleza kuwa jambo la mazingira ya ajira na si ugonjwa, na likaihusisha na kazi peke yake. Nina shaka kama waliokuwa kwenye kliniki ile wangekubaliana na mpaka huo. Aliyefika hatua hiyo hakuzwi na changamoto nyingine. Anahitaji kupumzika, na anahitaji mwenye ujasiri wa kumwondoa kwenye ratiba hata kama mwenyewe anakataa.

Ari ya namna hiyo hutukuzwa kwa sababu tunaamini kwamba anayejitolea kweli hatakiwi kutaka chochote kwa ajili yake. Wanasaikolojia Allen Omoto na Mark Snyder, waliowafuatilia watu wa kujitolea waliohudumia wagonjwa wa UKIMWI nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1995, walikuta jambo tofauti. Waliodumu muda mrefu zaidi walielekea kuwa wale waliokuwa na sababu zao binafsi, kama vile kutaka kujifunza, kujijenga au kuelewa jambo lililowagusa. Anayekwenda kujitolea akitaka kukomaa hana sababu ya kuona haya. Huenda ndiye atakayekuwapo mwakani.

Lakini hitaji hilo lina mpaka, na mpaka wake ni mtu anayehudumiwa. Mama aliyepoteza nyumba hakujiandikisha kuwa darasa la yeyote. Mtoto anayesubiri mwalimu wa kujitolea hana miaka ya ziada ya kumpa mtu nafasi ya kujaribu na kukosea. Kazini ni hivyohivyo kwa mgonjwa anayelazwa zamu ya muuguzi mpya, au mteja ambaye hati yake ya ardhi iko mikononi mwa karani wa wiki ya kwanza. Tunaposema fulani alikutana na changamoto kubwa, akakosea, akajifunza, ni haki kuuliza kosa lile lililipiwa na nani. Ndiyo maana mizigo ya kujifunzia inapaswa kuanza pale ambapo kosa linaweza kurekebishwa, na mtu mwenye uzoefu awe karibu kiasi cha kuingilia, lakini si karibu kiasi cha kumnyang’anya mwenzake uamuzi. Umbali huo ni mgumu kuupata, na wasimamizi wengi huukosea upande mmoja au mwingine kulingana na walivyolelewa wao kazini.

Kwa hiyo ningemtazama kwanza anayeandaa ratiba, kabla ya anayekabili changamoto. Aandike mapema, pembeni ya kila zamu, ni mambo gani aliyepo anaweza kuyaamua bila kupiga simu. Na saa ya kuongea baada ya shughuli iwekwe kwenye ratiba kabla ya shughuli kuanza, kwa ajira kama sehemu ya muda unaolipwa, kwa kujitolea kabla basi halijaondoka. Isisubiri wiki ijayo. Usiku mmoja tu unatosha kwa kumbukumbu kuanza kujipanga vizuri: aliyesitasita anakumbuka kwamba alikuwa anatafakari, aliyepayuka anakumbuka kwamba alitoa maelekezo, na mratibu anakumbuka kwamba mambo yalikwenda salama.